Hamna matangazo ya biashara, basi muziki mnaukatia nini? Barua ya wazi kwa bodi ya redio yetu

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Meneja wa Kituo,
Mkuu wa Vipindi.

YAH: MALALAMIKO YA WASIKILIZAJI WA VIUNGANI KUHUSU REDIO YA MUZIKI WA KLASIKI

Waheshimiwa,

Salamu kwenu, kwa heshima zote.

Naandika hadharani kwa sababu faraghani nimebisha hodi sikuitikiwa. Barua niliyoiacha mapokezi iligongwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri huo ndio jibu pekee nililoambulia. Barua pepe zangu zilijibiwa na mashine iliyonishukuru kwa kuwa msikilizaji mwaminifu. Msimu wa michango ulipofika nikapiga simu na kuuliza. Kijana aliyepokea, mpole kweli kweli, akanieleza kwamba kazi yake ni kuandika michango, maswali hayana nafasi kwenye fomu yake. Huyo sina neno naye. Neno ninalo na ninyi mnaokaa kwenye meza ya maamuzi.

Jina la kituo silitaji. Wanaokisikiliza watakuwa wameshakitambua, na pengine msikilizaji wa mahali pengine kabisa atakiona chake humu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: redio hii ilitulea. Huku viungani, ambako jumba la tamasha liko mbali na basi la mwisho huondoka kabla okestra haijamaliza kupigiwa makofi, ni redio hii iliyotufanya tuzijue kwateti za Haydn, muziki wa wapigaji wanne, na opera za Verdi bila kulipa kiingilio. Ingekuwa redio ya hovyo tangu mwanzo nisingehangaika kuandika. Ningezungusha kitufe nikaenda zangu.

Kabla sijaanza kuorodhesha, niseme jambo ambalo hoja zangu zote zimeegemea. Kituo kisicho cha biashara hakipati masafa kwa bahati nasibu. Marekani, kwa mfano, ilipoipanga upya bendi ya FM mwaka 1945 ilitenga sehemu yake ya chini, megahezi 88 hadi 92, kwa vituo vya elimu visivyofanya biashara. Vituo hivyo havikutengewa masafa kwa kuonewa huruma. Tangazo la biashara lina saa yake. Mwenye kiwanda cha sabuni akishanunua sekunde 30 za saa mbili na robo usiku, basi saa mbili na robo ikifika, anayepigwa awe Mozart au awe nani, atanyamazishwa. Kituo kisichouza sekunde hizo kina mali moja ambayo redio tajiri kuliko zote haina: kinaweza kumwacha mtunzi amalize anachosema.

Mali hiyo mnaitupa. Hamna tangazo linalosubiri mlangoni, lakini mnaendesha vipindi kana kwamba lipo. Malalamiko yangu ni haya.

1. KAZI ZA MUZIKI ZINACHEZWA VIPANDEVIPANDE

Tangu ratiba mpya ilipoanza, kutwa nzima tunasikia sehemu moja ya simfoni, ile kazi ndefu ya okestra, kisha sehemu moja ya sonata, kazi ya chombo kimoja au viwili, ya mtu mwingine wa karne nyingine, kisha wimbo mmoja uliong'olewa kwenye opera. Mpangilio huo mmeupa jina la muziki wa kutuliza. Zipo kazi zinazovumilia kuchezwa hivyo: walsi za Strauss, vipande vya piano vya Chopin ambavyo vilitungwa vikiwa vifupi. Hizo sina shida nazo.

Lakini mchukueni Beethoven, Simfoni ya Tano. Sehemu yake ya tatu haina mwisho. Inafifia mpaka panabaki nyuzi zilizoshikilia sauti moja na timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinazogonga taratibu kwa mbali, msikilizaji hajui anapelekwa wapi, halafu bila hata nafasi ya kuvuta pumzi sehemu ya nne inalipuka, na trombone, ambazo zimekaa kimya tangu simfoni ianze, zinaingia kwa mara ya kwanza. Ninyi mnacheza sehemu ya nne peke yake. Mnatupa ushindi bila vita vyake. Simfoni nzima haifiki dakika 40. Porojo za asubuhi kati ya watangazaji wenu wawili huchukua muda zaidi ya huo, na hakuna anayezikata.

Au mchukueni Bach na zile tofauti za Goldberg, yaani wimbo mmoja uliogeuzwa kwa namna nyingi, zilizochapishwa mwaka 1741. Zinaanza na aria, wimbo mfupi wa polepole. Zinafuata tofauti 30 zilizojengwa juu ya besi (sauti ya chini) ya aria hiyo: kanoni, ambamo sauti moja inaifuata nyingine kwa kuiiga, dansi, moja yenye huzuni ya kumfanya mtu asimamishe anachofanya. Kisha aria inarudi, noti kwa noti, ile ile. Aliyesikiliza yote anaisikia kwa sikio jingine kabisa, ingawa hakuna kilichobadilika kwenye karatasi. Redio yetu huicheza aria hiyo mara moja tu, tena kama zulia la kutandika chini ya utabiri wa hali ya hewa.

Na vipande vyenyewe ni vile vile. Vivaldi alitunga koncheto, kazi za chombo kinachoongoza mbele ya okestra, karibu 500. Tunazozisikia ni nne, zile za Misimu Minne. Domenico Scarlatti aliacha sonata 555. Kantata za kanisani za Bach, kazi za waimbaji na vyombo, zilizotufikia ni kama 200. Haydn ana simfoni zaidi ya 100. Florence Price, mtunzi Mmarekani Mweusi ambaye simfoni yake ya kwanza ilipigwa na okestra ya Chicago mwaka 1933, hana hata dakika moja kwenye ratiba yenu ya mchana. Hana pia Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, mpiga fidla na bingwa wa vitara aliyezaliwa Guadeloupe na kuvuma Paris katika karne ya 18. Wala Mwingereza Samuel Coleridge-Taylor. Wala Fela Sowande wa Nigeria. Siombi hawa watafutiwe wiki yao maalumu, wapambwe, kisha wafungiwe kabatini hadi mwaka ujao. Naomba wachezwe Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, bila maelezo ya ziada, kama anavyochezwa Mozart.

2. USIKU HAKUNA MTU STUDIO

Mliwaondoa watangazaji wa usiku na kuwaachia kazi programu ya kompyuta. Programu hiyo ina kihisi cha ukimya: sauti ikishuka chini ya kiwango fulani kwa sekunde kadhaa, inadhani kuna hitilafu na kurukia kinachofuata. Kwa redio ya mahubiri au ya mpira sina ubishi, kifaa hicho kina kazi yake. Kwa muziki wa klasiki kina hatari, kwa sababu nusu ya uzuri wa muziki huu uko pale sauti inapokaribia kuzimika.

Nitoe mfano mmoja tuelewane. Mwaka 1772 wanamuziki wa Mwanamfalme Nikolaus Esterházy walikuwa wamewekwa kwenye kasri lake la mashambani kupita muda waliozoea, mbali na familia zao. Haydn, aliyekuwa mkuu wao, hakwenda kugombana na bwana wake. Alitunga simfoni, namba 45. Mwishoni mwake wapigaji wanamaliza mmoja mmoja, kila mtu anazima mshumaa wake na kuondoka, mpaka wanabaki wapiga fidla wawili wakicheza polepole. Simulizi inasema Mwanamfalme alielewa, na kesho yake watu wakafungasha kurudi makwao. Ni malalamiko ya wafanyakazi yaliyowasilishwa kwa adabu kubwa kuliko yote ninayoyajua. Redio yetu iliicheza simfoni hiyo usiku mmoja, na zile fidla mbili zilipobaki peke yake, kihisi kikaamua kituo kimekufa na kuturushia gwaride la kijeshi la tarumbeta. Nilicheka. Kisha nikangoja mtu aombe radhi, ndipo nikakumbuka hakuna mtu.

Kuna jambo jingine lililoondoka na watangazaji hao: hatuambiwi tena tunachosikiliza. Mashine inasoma jina la mtunzi na jina la kazi, mara nyingine kwa matamshi ya kutisha, basi. Nani anapiga, nani anaongoza, rekodi ni ya lini, hatuelezwi. Mtu anaweza kudhani hayo ni mapambo. Mpiga piano Glenn Gould alirekodi tofauti za Goldberg mwaka 1955 kwa dakika kama 38, akazirekodi tena mwaka 1981 kwa dakika 51. Mpiga piano ni huyo huyo, noti ni zile zile, lakini ni muziki wa watu wawili, kijana anayekimbia na mtu mzima aliyekwishafika. Redio isiyotuambia ni ipi kati ya hizo imetunyima robo tatu ya elimu iliyokuwa mkononi mwake. Na elimu ndiyo iliyoandikwa kwenye leseni.

3. SAUTI IMEBANWA MPAKA HAIPUMUI

Edwin Armstrong, mvumbuzi wa FM, alipoionyesha mbele ya wahandisi jijini New York mwaka 1935, hakutaka kuwashangaza kwa makelele. Miongoni mwa aliyowasikizisha ni maji yakimiminwa kwenye glasi na karatasi ikikunjwa. FM ilivumbuliwa ili mkwaruzo uondoke na sauti ndogo isikike.

Ninyi mmefunga mtambo wa kuchakata sauti na kuuweka katika kiwango cha redio za muziki wa dansi. Kila kilicho kidogo kinapandishwa, kila kikubwa kinashushwa, vinakutana katikati. Bolero ya Ravel, ya mwaka 1928, inaanza na ngoma ndogo inayosikika kwa shida na kupanda polepole kwa takriban robo saa hadi okestra nzima inanguruma. Kwenu mpigo wa kwanza wa ngoma una nguvu sawa na kishindo cha mwisho. Hakuna kinachopanda. Msikilizaji mgeni atauliza, na kwa haki, huyu Ravel alikuwa na shida gani ya kurudia jambo moja mara zote hizo.

Najua mtasema kuna wanaosikiliza ndani ya gari, na injini inameza sauti ndogo. Kweli. Basi banini kidogo saa za kwenda na kurudi kazini, na jioni legezeni. Mitambo ya siku hizi inapangika kwa saa. Hilo halihitaji fedha, linahitaji fundi aambiwe.

4. MAWIMBI YENYEWE HAYATUFIKII

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hata mkiyarekebisha yote ya juu, wengi wetu hatutayasikia. Mlipouhamisha mtambo kutoka kilimani kwenda kwenye paa la jengo refu katikati ya jiji, mlitangaza kwamba ni hatua kubwa mbele. Kwa wa katikati ya jiji, ndiyo. Kwa viunga ambavyo leseni yenu inavitaja kuwa ndivyo eneo la huduma, tumepata mkwaruzo.

Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka. Antena iliyo mita 100 juu ya nchi tambarare huona upeo wa kama kilomita 40. Weka safu ya vilima katikati, na hesabu hiyo haina maana tena kwa aliye nyuma yake. Tuliambiwa tusiwe na wasiwasi kwa kuwa nguvu ya mtambo imeongezwa mara mbili. Kuongeza nguvu mara mbili ni nyongeza ya desibeli 3 tu. Antena kupandishwa au kuhamishiwa mahali penye mwanya huleta tofauti kubwa kuliko hiyo. Tena stereo, sauti mbili za kushoto na kulia, inadai mawimbi safi kuliko mono, sauti moja. Ndiyo maana nyumba nyingi za huku husikia redio ya maongezi bila shida, lakini kwateti ikianza, mvumo unaanza nayo. Watu wamejifunza kubonyeza mono ili wasikie. Kusikiliza okestra kwa mono, katika karne hii, kwenye kituo kilichoanzishwa kwa ajili yao!

Dawa yake inajulikana na haiko mbali: mtambo mdogo wa kujazia, wa nguvu kidogo, uliowekwa mahali panapoona pande zote mbili. Eneo la zamani kilimani bado lipo. Mnara bado umesimama, nimeupita.

5. SHUKRANI KWA WAFADHILI ZIMEGEUKA MATANGAZO

Hapa sina mengi. Kumtaja aliyetoa fedha ni uungwana. Kusema huduma yake haina mpinzani, kutaja bei ya ofa yake na kuwahimiza watu wawahi, hilo ni tangazo hata likisomwa kwa sauti ya upole juu ya kinubi. Marekani, ambako vituo vya aina hii ni vingi, kanuni zinaruhusu mfadhili atambuliwe na zinakataza hayo matatu: kutaja bei, kujilinganisha na wengine, kuhimiza kununua. Mpaka huo unaeleweka na mtoto. Mmeuvuka, na mkiendelea hivi atakuja wa kuwauliza kwa nini mnakalia masafa yasiyo ya biashara.

6. WANAMUZIKI WA VIUNGANI WAMETOLEWA HEWANI

Kulikuwa na kipindi cha Jumapili jioni kilichorusha rekodi za kwaya zetu, okestra za shule, mwalimu mmoja wa piano na wanafunzi wake. Kilikuwa na kasoro. Mara nyingine fidla zilitoka nje ya sauti na kikohozi cha mtu kikasikika kuliko filimbi. Lakini mtoto aliyejisikia redioni siku hiyo hakulala, na jirani zake walijua kwamba muziki huu una watu wake karibu, hauji tu kutoka Vienna ndani ya sahani za santuri. Mlikifuta kwa sababu, nanukuu tangazo lenu kwa maana yake, ubora wa sauti haukulingana na vipindi vingine.

Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na watu ambao wengi wao hawakuwa wanamuziki wa kulipwa, na wamepiga Beethoven mbele ya dunia. Wangesubiri ubora ulingane kwanza, wasingeanza kamwe.

Tena rekodi hizi ndizo rahisi kwenu kuliko zote. Bach alifariki mwaka 1750. Utunzi wake hauna mwenye kudai. Chenye haki ni rekodi na jasho la aliyepiga, na wapigaji wa hapa wako tayari kutia saini ya ridhaa bila kudai chochote zaidi ya jina lao kutajwa sawasawa. Maikrofoni mbili nzuri, stendi na mtu mwenye masikio. Studio mnayo.

7. HESABU NA MIKUTANO

Tunachangia, hatusomewi. Mkutano wa wazi wa bodi uliahirishwa, kisha haukutajwa tena. Mtu anayeombwa fedha hewani kila msimu ana haki ya kuona zilikokwenda, na hilo sidhani kama linahitaji aya ndefu.

SASA NAJUA MTAKAVYOJIBU

Mtasema: fedha hakuna. Sibishi. Nyakati ni ngumu kwa vituo vya umma kila mahali. Shirika la Marekani lililokuwa likipitisha fedha za serikali kwa vituo vya umma, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilitangaza Agosti 2025 kwamba linafunga shughuli baada ya Bunge kuziondoa fedha hizo. Huo si mzaha. Lakini angalieni wenzenu walivyokwenda. WQXR ya New York ilikuwa redio ya biashara kwa miongo mingi. Mwaka 2009 ilihamia upande wa redio za umma. KING FM ya Seattle ilifanya hivyo mwaka 2011. Wao walikuwa na matangazo, wakayaacha, wakawaegemea wasikilizaji. Ninyi mna wasikilizaji tayari, na mnaegemea tabia za redio za matangazo bila hata kupata fedha za matangazo. Kuhusu watangazaji wa usiku, 2MBS ya Sydney ilianza mwaka 1974 kwa nguvu ya watu wa kujitolea waliopenda muziki huu, na njia hiyo haikufa nao. Huku kwetu wapo walimu wastaafu, wanafunzi wa muziki, mafundi wa sauti wasio na kazi za kutosha. Hamkuwahi kutangaza kwamba mnahitaji mtu.

Na kuacha simfoni iishe kunagharimu nini? Nimejaribu kutafuta gharama yake sikuiona. Sahani ni ile ile.

Mtasema: vijana hawana subira. Tarehe 22 Desemba 1808, Beethoven aliwakalisha watu wa Vienna kwa takriban saa nne kwenye ukumbi wa baridi kali, wakasikia Simfoni ya Tano na ya Sita kwa mara ya kwanza, na mengine juu yake. Nao walilalamika, tena sana. Sisemi watu wa zamani walikuwa malaika. Nasema kijana anayekaa dakika 90 za mpira na nyongeza zake, bila kuona bao, hana tatizo la subira. Anachotaka ni mtu wa kumwambia mapema atazame wapi. Mtangazaji akisema, "Subiri timpani, kuna kitu kinakuja," atasubiri. Hiyo ndiyo kazi ya mtangazaji, na ndiyo mliyoifuta.

Mtasema: sikilizeni kwenye intaneti. Wapo wanaoweza, na wanafanya hivyo. Lakini kwenye FM, akisikiliza mtu mmoja au wakisikiliza laki moja, gharama ya kituo ni ile ile na msikilizaji halipi kitu. Kwenye intaneti kila sikio linaloongezeka linaongeza mzigo kwa kituo, na mwenye sikio analipia data yake. Bibi mwenye redio ya betri dirishani hamumhamishi kwa kumtumia kiungo. Umeme ukikatika na mtandao ukaondoka nao, redio yake bado inaimba, ilimradi mawimbi yanafika.

Mtasema: takwimu zinaonyesha wasikilizaji wameongezeka. Inawezekana kabisa, katikati ya jiji, ambako mmeupeleka mtambo. Tunaomba takwimu hizo zitolewe kwa maeneo, viunga peke yake na jiji peke yake, na muda ambao mtu anakaa bila kuhama kituo. Kama nimekosea, zitanisuta, nami nitakaa kimya.

TUNACHOOMBA

Kwanza, saa mbili za kila jioni, kuanzia sasa, ziwe za kazi kamili, kutoka noti ya kwanza hadi ya mwisho, na zitangazwe na mtu aliye hai, atakayetaja mtunzi, wapigaji, kiongozi na mwaka wa rekodi. Hatuombi siku nzima. Asubuhi bakini na vipande vyenu kama lazima.

Pili, kihisi cha ukimya kirekebishwe usiku kivumilie mwisho wa polepole, na mtambo wa kuchakata sauti ulegezwe jioni. Haya mawili yanaweza kufanyika wiki hii.

Tatu, fundi wa kujitegemea apime mawimbi viungani, nyumba hadi nyumba ikibidi, na ripoti yake isomwe hadharani pamoja na makadirio ya mtambo wa kujazia kule kilimani. Tukijua bei tutajua la kuchanga. Kwa sasa tunachanga gizani.

Nne, kipindi cha Jumapili jioni kirudi. Tupo tunaoweza kusaidia kurekodi.

Tano, maneno ya wafadhili yapitiwe na mtu asiye wa idara ya fedha.

Sita, mkutano wa wazi uitishwe kabla ya msimu ujao wa michango, ufanyike huku viungani na si mjini, na hesabu za mwaka zigawiwe mlangoni.

Mchango wangu wa mwaka huu nimeshautuma, ili asitokee wa kusema kwamba anayelalamika ni mtu wa pembeni. Wa mwaka ujao utategemea mkutano huo, na nimezungumza na wachangiaji wengine wanaofikiri hivyo hivyo. Wako tayari kuweka majina yao chini ya barua ya pili kama hii ya kwanza itapata muhuri tu. Nakala naipeleka kwa mamlaka inayosimamia leseni za utangazaji. Siipeleki kama mashtaka. Naiweka ili iwemo kwenye jalada siku mtakapoomba leseni ihuishwe, mkiulizwa viunga vinasemaje.

Nasubiri jibu lenu, na safari hii naomba liwe la mtu.

Wenu kwa heshima,

Msikilizaji na mchangiaji, viungani

Nakala:
Mamlaka ya leseni za utangazaji
Wachangiaji wenzangu